Imani Inayokuuliza Kama Umekula

Hapa Malindi, tangu Aprili 2023, ukisema umeingia kwenye mfungo wa maombi kuna mtu atakutazama mara mbili. Simlaumu. Msitu wa Shakahola uko upande wetu huu. Miili iliyofukuliwa kule ilipita 400, watoto wengi wakiwemo, na ililetwa katika mochari ya hospitali ya mji huu mpaka nafasi ikaisha, yakaongezwa makontena ya baridi. Waliolala ndani yake walikuwa Wakristo. Walikuwa na Biblia, wakiomba kwa jina lile lile ninaloombea mimi, na waliacha kula wakiamini wanamwendea Yesu. Mwaka 2025, tulipodhani tumemaliza kuzika, makaburi mengine yakafukuliwa katika kijiji cha Kwa Binzaro, kaunti yetu hii hii ya Kilifi.

Basi mtu wa Malindi anayetaka kuandika jinsi imani inavyomtia moyo na kumwongoza kila siku hawezi kuipita habari hii kimya kimya kana kwamba ilitokea nchi ya mbali. Mimi ni Mkatoliki, nasali, na ninategemea Neno la Mungu asubuhi kama wengine wanavyotegemea chai. Nami nasema hivi: faraja ya Kikristo iliyo ya kweli huanza kwa kukuuliza kama umekula, na uongozi wa kweli hauogopi kuulizwa maswali. Kinyume chake nakikimbia, hata kikija na machozi na unabii.

Msiniambie nimeleta siasa za tumbo kwenye mambo ya roho. Someni habari za Elia katika Wafalme wa Kwanza, sura ya 19. Nabii mzima, aliyeita moto ukashuka mbinguni, anakaa chini ya mti jangwani anamwomba Mungu amtoe roho. Amechoka na maisha. Malaika anapofika hamhubirii, wala hamkemei pepo la kukata tamaa. Anamgusa anamwambia aamke ale, na kichwani pake pana mkate wa moto na gudulia la maji. Elia anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili na ujumbe ule ule, ale, maana safari ni ndefu. Mtu aliyetaka kufa, Mungu alimpa chakula na usingizi kwanza. Mazungumzo yalikuja baadaye, mlimani.

Wanaoishi kwa utalii wanaijua hali ya Elia vizuri. Pasaka ikishapita, kusi likaanza kuvuma na mvua kushuka, Waitaliano wanarudi kwao na hoteli zinafunga moja baada ya nyingine. Mto Sabaki unamwaga matope mpaka bahari yote mbele ya mji inakuwa rangi ya kahawia. Mvuvi naye hatoki, bahari imechafuka. Mpishi, mfua nguo za hoteli, dereva wa tuktuk, muuza vinyago, wote wanaambiwa tutawapigia simu. Kodi ya nyumba haijui msimu. Miezi hiyo ndiyo ninayoona watu wakihama makanisa, wakitafuta mahali penye neno kali zaidi, penye nabii atakayetaja tarehe ya kufunguliwa.

Na simu nazo hazinyamazi. Alfajiri kabla hujanawa uso, "neno la leo" limeshafika katika magrupu manne, limeandikwa juu ya picha ya maua na machweo. Linaloongoza kwa kutumwa ni Yeremia 29:11, Mungu anajua mawazo anayotuwazia, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya. Nalipenda mno. Lakini ningeomba wanaolituma wajaribu kutuma na jirani zake. Maneno yale ni sehemu ya barua, Yeremia akiwaandikia kutoka Yerusalemu watu waliochukuliwa mateka Babeli. Aya ya 10 inawaambia watakaa huko miaka 70. Sabini! Wengi waliosomewa barua ile walijua watazikwa ugenini. Na kabla ya hapo wameambiwa la kufanya wakati wa kungoja: wajenge nyumba wakae ndani yake, wapande bustani wale matunda yake, waoe na kuozesha, wautakie amani mji ule waliohamishiwa na kuuombea kwa Bwana. Kisha aya ya 8, ambayo sijaiona hata siku moja juu ya picha ya maua, inawaonya wasikubali kudanganywa na manabii walio katikati yao.

Barua nzima imekaa kama ushauri wa mzee mwenye busara kwa mtu aliyekwama: pandeni, oeni, ombeeni mji, msidanganywe, na Mungu hajawasahau. Ukikata kipande cha mwisho peke yake unapata bahati nasibu. Wapo wanaoiuza hivyo, na M-Pesa imewarahisishia kazi.

Mdogo wangu alitaka kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Alikuwa na wakala, ana pasipoti, na alikuwa amepata uthibitisho kwa nabii mmoja anayesikika redioni, aliyemwambia mlango umefunguka ila apande mbegu ya shilingi elfu tano. Nikamwomba jambo moja tu, aje nao mkataba wake jumuiyani.

Kwa wasio Wakatoliki, jumuiya ndogondogo ni familia za mtaa mmoja zinazokutana kila wiki nyumbani kwa mmoja wao. Viti vya plastiki vinakusanywa, vingine vya kuazima kwa jirani Mwislamu. Injili ya Jumapili inasomwa, kila mwenye la kusema anasema, kunachangwa kidogo kwa ajili ya mgonjwa au aliyefiwa, na chai ya maziwa inapita na mahamri kama mwenyeji amejaliwa. Mwenyekiti wetu ni mzee fundi cherehani. Sala ilipokwisha alivaa miwani yake, ile iliyofungwa uzi mkono mmoja, akaushika ule mkataba kama anavyoshika kitambaa cha mteja, akiupapasa ukingoni. Akausoma pole pole, wote tumenyamaza.

"Mwanangu, jina la mwajiri liko wapi hapa?"

Halikuwepo.

"Na hapa wanasema pasipoti itakaa kwao. Kwa nini ikae kwao?"

Mdogo wangu akasema Mungu atamlinda. Mama mmoja aliyewahi kufanya kazi Riyadh akamjibu taratibu, bila ukali, akamweleza alivyoishi bila simu na bila pasipoti, na kwamba Mungu alimlinda kweli, kwa kumtumia Mfilipino wa nyumba ya pili aliyemwazima simu. Akamwambia aulize kama ofisi ile imesajiliwa na serikali. Ndipo tukamwombea, mikono juu ya mabega yake, maombi marefu yasiyo na neno la kumkataza wala la kumruhusu.

Alikasirika, akaacha kuja jumuiyani kwa muda. Lakini alienda kuuliza, na ofisi haikuwa imesajiliwa. Baadaye alisafiri kupitia kwingine, na mkataba ambao mzee aliusoma mpaka mwisho. Yuko huko mpaka sasa, hupiga simu Ijumaa. Nabii wa redio naamini anaendelea na mbegu zake.

Nikiulizwa uongozi wa Mungu huwa unakujaje, huwa naikumbuka miwani ile. Najua si jibu wanalolitaka vijana. Wanataka ndoto, na Biblia ina ndoto nyingi, sizikatai. Ila ndoto yako ikishindwa kuvumilia maswali ya fundi cherehani na mama aliyetoka Riyadh, mimi siwezi kukushauri uifuate. Yohana katika waraka wake wa kwanza aliagiza roho zijaribiwe. Hakusema anayejaribu ana imani haba. Kule msituni aliyeuliza swali alihesabiwa adui. Watu walitengwa na wazazi wao, watoto wakatolewa shule, hospitali ikaitwa ya shetani. Alama zilikuwepo miaka mingi kabla ya makaburi. Serikali iliunda jopo chini ya Kasisi Mutava Musyimi kutazama namna ya kuyasimamia mashirika ya dini, na sheria nzuri itasaidia. Lakini sheria haikai chumbani mama anapoambiwa asimpe mwanawe maji. Anayeweza kukaa pale ni dada, jirani, shangazi, mtu mwenye ruhusa ya kuuliza.

Sura ninayowasomea watu wa pwani kuliko zote ni Matendo 27. Ajabu ni kwamba haihubiriwi sana, ilhali ni habari yetu tupu: merikebu, nahodha, upepo wa msimu mbaya. Paulo ni mfungwa anapelekwa Roma. Aliwaonya wasitweke, msimu umeshapita. Akida, mkuu wa askari waliomlinda, akamsikiliza nahodha na mwenye chombo. Tufani ikawachukua. Siku nyingi hawakuona jua wala nyota. Usiku wa 14 mabaharia wakahisi nchi iko karibu, wakatupa bildi, kamba yenye risasi ya kupimia kina: pima 20, mbele kidogo pima 15. Wakaogopa miamba, wakashusha nanga nne tezini, nyuma ya chombo, wakaomba kuche. Mvuvi yeyote wa Mayungu au Ngomeni ukimsomea hapo anatikisa kichwa, anawaona. Mabaharia wakashusha mashua kwa ujanja, wajifanye wanapeleka nanga za omo, mbele ya chombo, kumbe wanatoroka. Paulo akawaambia askari, hawa wasipobaki chomboni hamtaokoka, na kamba za mashua zikakatwa.

Kisha kunapambazuka, na Paulo anawasihi wote wapate chakula. Siku 14 hawajala kitu. Anawaambia ni kwa ajili ya kuokoka kwao. Anatwaa mkate, anamshukuru Mungu mbele ya wote, anaumega, anaanza kula yeye. Wote 276, wengi wao hawaijui dini yake, wanachangamka na kula pia. Malaika alikuwa amemwambia Paulo hakuna atakayekufa, na bado alizuia mabaharia wasitoroke na mashua na akahimiza watu wapate nguvu za kuogelea. Ahadi ya Mungu haikumfanya azembee lolote.

Kisiwa walichofikia ni Malta. Huko ndiko walikotoka maaskofu wawili wa kwanza wa Jimbo Katoliki la Malindi, lililoanzishwa mwaka 2000: Francis Baldacchino na baada yake Emanuel Barbara, wote wawili Wakapuchini, watawa wa familia ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Nikimfikiria mtoto wa Malta aliyelelewa na hadithi ya merikebu ile akaja kuishi na kufa akiwa askofu wa watu wa Malindi, Tana River na Lamu, nafurahi peke yangu. Hainithibitishii kitu, inanifurahisha tu.

Watu wa mji huu wameulizana habari za ibada tangu zamani, hata wasio wa dini moja. Mwaka 1542 mmisionari Fransisko Ksaveri alipita hapa akielekea India. Katika barua yake ameeleza mazishi ya baharia waliyoyafanya hapa, na mzee mmoja wa Kiislamu aliyemuuliza kama kwao Wakristo nao uchaji umepungua, maana hapa mjini katika misikiti 17 ni mitatu tu iliyokuwa na watu. Nalipenda swali lile, la mtu mzima anayelilia dini yake mbele ya mgeni. Jibu alilopewa na Ksaveri, kwamba Mungu hapendezwi na sala za wasioamini, halikuwa la ujirani mwema. Kanisa dogo la Wareno lenye paa la makuti bado lipo na makaburi yake, na mimi nikipita pale namwonea huruma yule mzee. Jirani yangu wa viti vya plastiki ndiye aliyegonga mlango wangu mwaka wa Shakahola kuniuliza: ninyi hapo kwenu, mchungaji wenu anaruhusu watu waende hospitali? Sikuudhika. Nilimwambia ndiyo, nikamwambia asichoke kuuliza.

Rafiki yangu mmoja, mlokole hasa, ameniambia dini yangu imekuwa ya sahani na mikataba, Mungu mwenyewe kabaki wapi? Ana haki ya kuuliza. Namjibu kwamba ninafunga Kwaresima, nafunga nikijua nitafuturu, na aliyefunga jumuiyani kwetu akiwa na sukari au mimba tunamfungulia wenyewe. Naomba miujiza na nimeiona. Lakini katika Matendo 27 merikebu ilivunjika, ngano yote ilikuwa imeshatupwa baharini, watu wakafika ufukoni wengine wakiogelea na wengine juu ya mbao. Hoteli aliyofanyia kazi mume wangu haikufunguliwa tena msimu uliofuata, na tuliiombea sana. Yeye sasa anakaanga samaki barabarani jioni, mtaji wa kwanza ukiwa mchango wa jumuiya, na mafuta ya kukaangia alikopeshwa dukani kwa jirani yule yule. Rafiki yangu hula pale pale, na mjadala wetu tunauendeleza hapo.