Gunia la Udongo

Miche yetu ya kwanza ya miombo ilikufa karibu yote. Tuliinywesha maji, tukaiwekea samadi, bado ikageuka njano, huku mikaratusi ya jirani ikipaa tu ukutani kama inatucheka. Mama mwenyekiti wa kitalu akatuambia kosa letu. Mizizi ya miombo haiishi peke yake, inalishwa na uyoga wa ardhini, ndugu wa ule tunaoununua barabarani wakati wa mvua. Kwa hiyo ulihitajika udongo wa chini ya miombo mikubwa. Nikatumwa mimi, mtoto wa mjini, nisiyejua mti ila kwa kivuli chake.

Alfajiri nikapanda basi la Kipushi. Pori la huko limeishia kwenye makaa. Nilizunguka saa nzima kati ya visiki, hadi nikaona mti mmoja mkubwa, kivuli safi. Nikachota gunia zima.

Balaa lilianza wakati wa kurudi Lubumbashi. Kondakta alijaribu kulinyanyua gunia likamshinda.

“Papa, humu mna nini?”

“Udongo.”

Basi zima likacheka. Utoke Kipushi, mji wa mgodi, umekumbatia gunia, useme udongo!

“Shaba hiyo,” akasema mama wa kiti cha nyuma.

“Kobalti,” akasema mwingine. Kondakta akapandisha nauli palepale.

Kijana mmoja akafungua begi, akatoa kitu kama bastola, akakielekeza kwenye gunia. Nikainua mikono. Kumbe ni kamashine ka wanunuzi, ka kupimia madini.

“Chuma kidogo tu,” akatangaza. “Hakuna shaba, hakuna kobalti. Ni udongo kweli.”

Nikashusha pumzi. Lakini basi likanyamaza, na kimya kile sikukipenda.

“Sasa papa,” akauliza yule mama, “kama si madini, umeutoa kwenye kaburi la nani?”

Hapo nikafanya ujinga wa kueleza. Nikasema humo ndani mna viumbe visivyoonekana, vinakula chini kwa chini, usiku na mchana. (Mwenye akili angesema ni kobalti.) Dereva alifunga breki bila kuombwa.

Nilifika kitaluni jioni, gunia kichwani, shingo imeingia mabegani.

“Pole sana, papa!” Mama mwenyekiti akatumbukiza mkono, akatoa kokwa la embe. Akatumbukiza tena, akatoa la pili.

“Papa,” akaniuliza taratibu, “huo mti wako ulikuwa na matunda?”