Bima ya nyumba Marekani: ukihama kampuni unaokoa nini hasa?

Barua ya kuhuisha bima ya nyumba ikija na nyongeza ya asilimia 20 au 30, ushauri hutoka kila upande na huwa ni uleule: zunguka, tafuta kampuni nyingine, usikubali kukamuliwa. Watanzania wa Houston, Wakenya wa Dallas na Wakongomani wa Iowa huambiana hivyo kwenye makundi ya WhatsApp. Si ushauri mbaya. Kasoro yake ni kuichukulia bima kama kilo ya sukari, kwamba ni ileile kila duka na kinachobadilika ni bei tu.

Kwa wengi waliokulia Afrika Mashariki, bima ya nyumba ni jambo la ugenini. Kwetu mtu hujenga kidogo kidogo kwa fedha za mkononi, na upepo ukiezua paa anajikusanya upya pamoja na ndugu. Kenya nzima ina mikopo ya nyumba ya benki ipatayo elfu thelathini hivi. Marekani nyumba hununuliwa kwa mkopo wa miaka 30, na hakuna benki itakayokukopesha bila bima. Ada yenyewe mara nyingi haionekani, kwa sababu benki huikusanya pamoja na rejesho la mwezi na kodi ya majengo, kisha ikailipa kwa niaba yako. Ndiyo maana mtu mwenye riba isiyobadilika hushangaa rejesho lake limepanda dola 200, anaipigia benki simu kwa hasira, na kumbe benki haijafanya lolote.

Kwamba bei zimepanda halibishaniwi. Shirika la kutetea walaji la Consumer Federation of America lilikokotoa kwamba kati ya 2021 na 2024 ada ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 24 nchi nzima. Wizara ya Fedha ya Marekani, katika ripoti ya Januari 2025, ilionyesha kuwa wakazi wa maeneo yenye hatari kubwa zaidi ya majanga walikuwa wakilipa wastani wa dola 2,321 kwa mwaka, asilimia 82 zaidi ya wale wa maeneo salama. Ubishi uko kwenye sababu.

Kampuni zina hoja nzito. Baada ya 2020 mbao, vigae vya paa na ujira wa mafundi vilipanda kwa kasi, na bima hulipa gharama ya kujenga upya, si bei uliyonunulia nyumba. Kampuni za bima nazo hukata bima kwingine, ile iitwayo bima mtawanyo, na soko hilo la kimataifa lilipandisha bei vikali kuanzia Januari 2023, miezi michache tu baada ya kimbunga Ian kuipiga Florida. Mwaka huo wa 2023, kwa kila dola 100 za ada za bima ya nyumba, sekta ilitumia takriban dola 110 kwa fidia na uendeshaji. Biashara ya namna hiyo haidumu.

Wenye nyumba nao wana lao. Mwaka mmoja wa hasara hauelezi miaka mingi ya faida, na mwaka uliofuata sekta ilirudi karibu na mizania huku ada zikibaki kulekule juu. Kampuni huwekeza fedha za wateja kabla ya kuzilipa, na mapato hayo hayaonekani kwenye hesabu ya dola 110. Tena bei haipangwi kwa hatari ya nyumba peke yake. Katika majimbo mengi historia yako ya mikopo huingia kwenye hesabu. California, Massachusetts na Maryland ni miongoni mwa machache yanayokataza jambo hilo kwa bima ya nyumba. Muuguzi aliyefika juzi kutoka Mwanza, asiye na deni hata la senti, anaweza kutozwa zaidi ya jirani mwenye nyumba kama yake, kwa kuwa hajakaa nchini muda wa kutosha kujenga rekodi ya kukopa. Mvua ya mawe haijui nani ana kadi ngapi za benki. Kampuni hujibu kwamba takwimu zao zinaonyesha wenye rekodi dhaifu hudai fidia zaidi. Huenda ni kweli kitakwimu, lakini mtu asiye na rekodi si sawa na mwenye rekodi mbaya, na mfumo mara nyingi hauwatofautishi vya kutosha.

Bima Marekani husimamiwa na kila jimbo kivyake, na hapo ndipo unapoona jinsi kila dawa ilivyo na madhara yake. Tangu wapiga kura wapitishe Proposition 103 mwaka 1988, kampuni za California lazima zipate kibali cha kamishna wa bima kabla ya kupandisha bei. Kwa miaka mingi ada zilikaa chini kuliko hatari ya moto ilivyotaka, na wenye nyumba walifurahi. Kisha milango ikafungwa. Allstate iliacha kupokea wateja wapya wa nyumba 2022, State Farm ikafuata Mei 2023, na Machi 2024 State Farm ikatangaza kutohuisha bima 72,000. Waliotemwa walikimbilia FAIR Plan, mfuko wa kimbilio ulioanzishwa kwa sheria mwaka 1968, unaotoa kinga finyu kwa bei kubwa. Moto wa Palisades na Eaton ulipozuka Januari 7, 2025 na kuteketeza majengo zaidi ya 16,000, mfuko huo ulilazimika kuzitoza kampuni wanachama dola bilioni moja, na sehemu ya mzigo huo ikaruhusiwa kupelekwa kwa wateja wa jimbo zima.

Texas ilichukua njia nyingine. Tangu mageuzi ya 2003 kampuni huwasilisha bei mpya na kuanza kuitumia. Kamishna anaweza kuikataa baadaye. Ada za Texas ni miongoni mwa zilizo juu kabisa nchini. Lakini mwenye nyumba wa Plano au Katy bado anaweza kupiga simu tano na akapewa bei tano, jambo ambalo mwenzake wa milimani California hana. Kuzunguka kutafuta nafuu, kwa hiyo, ni haki inayotegemea unapoishi. Mimi naona afadhali bei chungu kwenye soko lililo wazi kuliko bei tamu isiyopatikana, ila simlaumu aliyestaafu, mwenye kipato kisichoongezeka, akiona kinyume.

Sasa tuje kwenye kuhama kwenyewe. Faida yake si ndoto. Kampuni mbili huitazama nyumba moja kwa macho tofauti: moja ina wateja wengi mno kwenye msimbo wako wa posta na inataka kupunguza, nyingine ndiyo kwanza inaingia. Tena uaminifu wa mteja hauzawadiwi. Uingereza walilichunguza hili kwa kina. Msimamizi wa masoko ya fedha, FCA, alieleza mwaka 2019 kuwa wateja milioni sita wa bima za nyumba na magari walikuwa wakitozwa zaidi kwa sababu tu hawahami, na kwamba wangelipa bei ya wastani wangeokoa pauni bilioni 1.2 kwa mwaka. Tangu Januari 1, 2022, kampuni za huko haziruhusiwi kumtoza anayehuisha zaidi ya mteja mpya.

Uchunguzi huo unafunua jambo lisilosemwa na wapenzi wa kuzunguka: punguzo la anayehama mara nyingi hulipiwa na asiyehama. Na asiyehama ni nani? Ni bibi anayeogopa simu za Kiingereza, ni baba wa kazi mbili asiye na saa ya kusoma kurasa 40 za mkataba. Soko linalomtaka kila mtu awe macho kila mwaka ndipo atendewe haki huwalipa wenye nafasi.

Hata hivyo, kinachonitia wasiwasi zaidi ni yale yanayopotea njiani. Tuchukue mfano wa hesabu. Nyumba karibu na Dallas, gharama ya kuijenga upya dola 350,000. Bima ya zamani ni dola 4,200 kwa mwaka. Kwa hasara ya upepo au mvua ya mawe mwenye nyumba hubeba mwenyewe asilimia 1, yaani dola 3,500, na paa hulipwa kwa bei ya paa jipya. Kampuni mpya inataka dola 3,300. Amepunguza 900, anafurahi. Lakini humo ndani sehemu yake imekuwa asilimia 2, yaani dola 7,000, na paa litalipwa baada ya kutolewa uchakavu. Mawe yakanyesha. Paa jipya ni dola 16,000. La kwake lina miaka 12 kati ya 20, kwa hiyo kampuni inalithamini dola 6,400. Ondoa 7,000 anazobeba mwenyewe, halipwi hata senti. Bima ya zamani ingemlipa 12,500. Ili akiba ya 900 kwa mwaka ifidie pengo hilo, inabidi akae karibu miaka 14 bila mawe, na kaskazini mwa Texas hiyo ni kamari.

Usinielewe vibaya, kamari hiyo si upumbavu kwa kila mtu. Mwenye dola 16,000 benki anaweza kusema kwa akili timamu kwamba bima yake ni ya moto na kimbunga, si ya vigae, na hizo 900 azitie kwenye akiba ya paa. Huyo amechagua. Aliyeona bei peke yake hajachagua, kachaguliwa. Na baada ya mvua ya mawe huja mafundi wa kugonga milango, wakiahidi kukusamehe ile sehemu yako. Tangu Septemba 2019 sheria ya Texas imekataza hilo waziwazi: sehemu yako lazima uilipe.

Kuna hatari nyingine ya kuhama isiyotajwa sana. Katika majimbo mengi kampuni mpya ina siku 60 za mwanzo za kukukagua na kukuacha kwa urahisi, na siku hizi ukaguzi hufanywa hata kwa picha za angani. Tawi linalogusa paa au trampolini uani laweza kuwa sababu. Kampuni ya zamani haina uhuru huo katikati ya mkataba. Kwa hiyo usivunje bima ya kwanza mpaka ya pili imethibitishwa kwa maandishi na benki imepata nakala. Pakitokea pengo, benki itakukatia ya kwake, ghali, inayolinda jengo lao na kuyasahau makochi yako.

Halafu kuna uimara wa kampuni yenyewe. Florida ilishuhudia kampuni kadhaa ndogo zikifilisika baada ya 2020, ikiwemo United Property & Casualty mwaka 2023. Mfuko wa dhamana wa jimbo hulipa madai ya nyumba hadi dola 500,000, lakini foleni yake ni ndefu na mwenye nyumba anaishi chini ya turubai wakati anasubiri. Ada ndogo kutoka kampuni usiyowahi kuisikia ni swali la kuuliza kabla ya kushangilia.

Kwa upande wangu, kuhama kila mwaka ni kujichosha, na kutohama kabisa ni kujitoa sadaka. Kila miaka miwili au mitatu, au nyongeza inapozidi ile ya majirani, inatosha. Nenda kwa wakala huru anayeuza kampuni nyingi, kwa kuwa wakala wa State Farm atakuuzia State Farm tu. Mkabidhi ukurasa wa kwanza wa mkataba ulio nao na udai bei kwa kinga ileile, mstari kwa mstari. Ukishaiona, ndipo uulize ungeokoa kiasi gani ukibeba zaidi mwenyewe. Texas ina tovuti ya serikali, HelpInsure, inayoonyesha bei za mfano kabla hujampa mtu namba yako ya simu. Omba pia rekodi yako ya madai kutoka LexisNexis, kampuni inayotunza kumbukumbu za madai ya bima, ni bure mara moja kwa mwaka. Madai hukaa humo hadi miaka saba, na dai dogo la dola 900 linaweza kukugharimu zaidi ya ulicholipwa.

Na kuna shimo ambalo hakuna kuhama kutakakoliziba: mafuriko hayamo kwenye bima ya kawaida ya nyumba, iwe ya kampuni gani. Wakazi wengi wa Houston walilijua hilo Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipoingiza maji kwenye nyumba ambazo nyingi hazikuwa na kinga hiyo. Mpango wa serikali kuu wa bima ya mafuriko hulipa jengo hadi dola 250,000 na vilivyomo hadi 100,000, lakini kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kununuliwa. Msimu wa vimbunga huanza Juni 1, kwa hiyo anayengoja kuona wingu la kwanza ameshauanza bila kinga.