Presha ya macho: kidonge au matone?

Shangazi yangu wa Chamwino alipogundulika ana presha ya macho, alirudi na bahasha ya vidonge vya asetazolamidi: miligramu 250, mara nne kwa siku. Wiki haikuisha akaanza kulalamika. Vidole vinamchonyota kama anapitiwa na sisimizi, na soda haina ladha. Mara mbili alirudi dukani kugomba kwamba wamemuuzia soda iliyoisha gesi.

Muuza duka hakuwa na kosa. Mwilini kuna kimeng'enya kiitwacho kaboniki anhidrasi, ambacho hukutanisha kaboni dayoksaidi na maji, zikatoka bikaboneti na asidi. Kina kasi ya ajabu. Molekuli moja huweza kurudia kazi hiyo mara milioni kwa sekunde. Kimo kwenye figo, kwenye damu, na hata ulimini, ambako ndiko tunakoupata ule mchomo wa soda. Jichoni, bikaboneti inayozalishwa huingia ndani ya jicho pamoja na sodiamu, na maji hufuata nyuma. Asetazolamidi hukizuia kimeng'enya hiki; kikizuiwa, maji yanayotengenezwa ndani ya jicho hupungua na presha hushuka.

Tatizo ni kwamba dawa haifui dafu mpaka imezuia karibu kimeng'enya chote, zaidi ya asilimia 99. Ndiyo maana dozi ya kidonge ni kubwa, na kidonge hakichagui pa kwenda. Figo zinamwaga bikaboneti na potasiamu kwenye mkojo, damu inaelekea kwenye asidi, mtu anahema zaidi. Kwa anayepanda Kilimanjaro, mita 5,895, kuhema huko ndiko anakokutaka, na dawa hii hii hupewa kuzuia ugonjwa wa mwinuko. Shangazi yeye kulimchosha tu. Halafu, kwa kuwa choo kiko mbali na kila saa ananyanyuka, akaamua kupunguza maji ya kunywa. Kwa joto la Dodoma! Dawa hii yenyewe inaweza kuleta mawe kwenye figo. Ukiongeza kiu, unayaita kwa jina. (Tena iko kwenye ukoo wa salfa: aliyewahi kudhurika na Septrin aseme mapema.)

Matone ya dozolamidi, yaliyoingia sokoni miaka ya 1990, yanazuia kimeng'enya kilekile lakini dawa inayofika kwenye damu ni kidogo. Yanachoma kidogo, yanaacha uchungu kooni, na nguvu yake ni pungufu kuliko ya kidonge. Ila ni ya maisha, na chupa inahitaji hela kila mara.

Kwa hiyo siwabezi wanaosema heri ganzi kuliko upofu. Mtoto wa jicho hupasuliwa mtu akaona tena. Kilicholiwa na presha ya macho hakirudi. Na presha ikipanda ghafla, jicho jekundu, kichwa kinapasuka, mtu anatapika, asetazolamidi huokoa jicho wakati upasuaji au leza inasubiriwa. Ninachokataa ni kukigeuza kidonge cha dharura kuwa chakula cha kila siku, miezi na miezi, bila kupima figo wala potasiamu, eti kwa sababu ni rahisi.

Shangazi sasa anatumia matone. Mjukuu humdondoshea, kisha anambana kona ya jicho karibu na pua huku akihesabu, ili dawa isikimbilie kooni. Bahasha bado iko juu ya kabati. Mwezi uliopita chupa iliisha siku nne kabla ya nauli kupatikana, akaifungua.