Taliti ya rabi mkubwa: ivaliwe, iwekwe kwenye kioo au ipigwe mnada?

Rabi mkubwa akifariki, ile taliti yake, yaani shali ya maombi yenye vishada kwenye ncha nne, inakuwa ya nani na inafanywaje? Kule Jerusalem kuna nyumba za mnada zinauza vitu vya marabi, vitabu, barua, hadi nguo, na wanunuzi hawakosekani. Nalifuatilia hili kwa karibu kwa sababu hata huku kwetu wapo wahubiri wanaovaa taliti na kupuliza shofar, ile tarumbeta ya pembe, madhabahuni, na wengi wetu tunaiona taliti tu kama nguo ya nguvu bila kujua Wayahudi wenyewe wanabishana nini juu yake.

Kuna wanaosema kitambaa ni kitambaa, na hawa sio watu wa kudharau dini, wanasimama kwenye sheria yenyewe. Amri iko Hesabu 15, vishada ni vya kumkumbusha mtu maagizo ya Mungu. Talmud, mkusanyiko mkuu wa mafundisho na mijadala ya marabi, inatenganisha kitu kitakatifu na kitu cha kutimizia amri: gombo la Torati likichakaa linazikwa kwa heshima, hata kifuniko chake, lakini vishada, shofar na kibanda cha sikukuu vikishamaliza kazi vinaweza kutupwa, ingawa marabi wa baadaye walionya visitupwe pachafu. Halafu wajibu wa vishada uko kwa mtu anayevaa, hauko kwa nguo, kwa hiyo nguo ya ncha nne iliyofungiwa sandukuni haidaiwi vishada kabisa. Tena desturi ni mwanaume kuzikwa na taliti yake, kishada kimoja kimekatwa kwa sababu aliyekufa hana amri tena, kwa hiyo mara nyingi kinachobaki kwa familia ni taliti nyingine au ile ndogo ya kuvaa chini ya shati. Na wanakukumbusha Hezekia alivyomvunja nyoka wa shaba, ambaye alitengenezwa na Musa mwenyewe, manake watu walishaanza kumfukizia uvumba.

Hoja hiyo ni nzito sana.

Lakini Biblia hiyohiyo ina Elisha anaokota vazi la Eliya, anapiga maji ya Yordani na yanagawanyika. Wahasidi, Wayahudi washika dini ambao harakati yao ilianzia Ukraine karne ya 18, wanashikilia kwamba vitu alivyotumia mtu wa Mungu vinabaki na kitu chake, ndo maana kiti cha Rabi Nachman wa Breslov, mmoja wa viongozi wao wa zamani, kilikatwa vipande vipande kikatolewa Ukraine kikaja kuungwa tena Jerusalem, na kipo hadi leo. Na ukiiangalia taliti iliyotumika miaka mingi utaelewa kwa nini watu hawawezi kuitupa: kila asubuhi kwenye sala ya Shema, ile ya kukiri Mungu ni mmoja, mtu anakusanya vile vishada vinne mkononi, anavibusu, anavipitisha machoni, kesho tena, hadi nyuzi zinalegea na kubadilika rangi pale zinaposhikwa. Hayo yote ni maombi ya mtu unayemfahamu, ukimwambia mwanafunzi wake hicho ni kitambaa tu utakuwa unamuumiza bure.

Kwenye umiliki kuna kesi moja ambayo mi naona imesema jambo la maana, japo ilihusu vitabu na sio nguo. Rabi wa sita wa Lubavitch, yaani kiongozi wa sita wa kundi moja la Wahasidi, alifariki 1950 akaacha maktaba kubwa Brooklyn, mwaka 1985 ikagundulika mjukuu wake anachukua vitabu na kuviuza akiamini ni urithi wake. Wakaenda mahakamani, na binti wa rabi, Chaya Mushka, ambaye mumewe ndiye alikuwa Rabi wa saba, akatoa ushahidi kwamba vitabu ni vya Wahasidi kwa sababu baba yake mwenyewe alikuwa wa Wahasidi. Mwaka 1987 jaji akaamua maktaba ni ya jumuiya.

Mi nipo hapo kwa Chaya Mushka. Kuitunza sawa, kuiheshimu sawa, ila kuuza taliti huku unamwambia mnunuzi itamletea mtoto au itamponya ugonjwa, hapo umeshaweka bei kwenye baraka, na atakayeinunua ni tajiri wakati maskini aliyekaa na rabi miaka yote hana hata uzi. Kioo nakielewa kidogo, angalau kinalinda historia na kila mtu anaona, ila bado taliti haifanyi kazi yake mle ndani. Kama familia haitaitumia, sinagogi aliyokuwa anasali bado ipo, apewe anayeongoza sala siku ya Yom Kippur, yaani Siku ya Upatanisho, aivae, vishada vikikatika vifungwe vipya, na siku ikichakaa kabisa ikazikwe pamoja na vitabu vilivyochakaa.