Mulikeni jicho kwanza, damu baadaye

Khalati yangu wa Likoni alianza na vimulimuli pembeni ya jicho la kushoto, taa zishazimwa lakini yeye anaona mwanga unapiga kama kamera. Kesho yake akaanza kuona nzi weusi wanaelea, akawa anawapunga na leso. Uchungu hakuna hata kidogo, ndio maana sote tukasema itapita.

Siku ya tatu tukavuka feri tukampeleka kliniki moja huku kisiwani Mombasa, nikaingia naye chumbani. Aliyemhudumia hakumfunika jicho moja akamuuliza anaona vidole vingapi, tochi iko mezani hakuishika, chati ya herufi imebandikwa nyuma ya mlango na mlango uko wazi muda wote. Akaandika vipimo tu: damu nzima, malaria, Widal ya taifodi, mkojo, skeni ya kichwa, na barua ya kwenda kwa daktari wa macho eti hatupewi mpaka majibu yote yatoke. Tukazunguka siku 5, pesa tulizochanga za daktari wa macho zikaishia maabara, na majibu yote yako sawa.

Siku hizo 5 pazia jeusi lilikuwa linampandia jichoni kutoka chini. Daktari wa macho alimtia matone ya kupanua mboni, akamulika, hata nusu saa haikufika, akatwambia retina, ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, imebanduka na kubanduka kushafika katikati, pale mtu anapotumia kusoma na kujua sura za watu. Ingeshikwa kabla ya kufika hapo nafasi ya kuokoa jicho ingekuwa kubwa zaidi.

Sipingi vipimo jamani. Sukari ya kidole ni dakika moja, presha vilevile, na mtu macho yakimbadilika ghafla apimwe vyote viwili hapo hapo. Lakini Widal itakwambia nini kuhusu jicho? Hata kwa wanaotolewa mtoto wa jicho kuna utafiti ulitoka mwaka 2000, Marekani na Canada, upasuaji zaidi ya 19,000, kundi moja wakapimwa damu na moyo kama kawaida ya hospitali, kundi jingine wakaachwa bila hivyo vipimo vya kawaida, na matatizo yakatoka sawasawa pande zote mbili. Na hao ni watu wanaopasuliwa, sembuse mama anayeomba barua tu!

Kinachotakiwa kiko pale pale chumbani, chati, tochi, na kikaratasi chenye tundu dogo: mgonjwa akichungulia tunduni akaona vizuri zaidi basi mara nyingi ni mambo ya miwani, asipoona kuna jambo ndani. Na akisema vimulimuli, nzi, pazia, mwandikie barua siku hiyo hiyo, umwambie aende sasa hivi.

Khalati alipasuliwa, jicho lile linaona mwanga na vivuli. Juzi nimemkuta anachagua mchele barazani, sinia kaisogeza yote upande wa kulia.