Mikabala Mingi Katika Darasa la Uchumi

Aprili 2014, wanafunzi wa uchumi wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, waliojiunga katika chama baada ya msukosuko wa fedha wa 2008, walitoa ripoti wakilalamika kwamba mtaala wao hufundisha mkabala mmoja tu, ule wa kiklasiki mamboleo, yaani mkondo mkuu unaoueleza uchumi kwa watu na makampuni wanaochagua kwa busara kinachowafaa zaidi sokoni, huku mawazo ya Marx, mkosoaji wa ubepari, ya Hayek, mtetezi wa soko huria, na ya wafuasi wa Keynes, mchumi aliyetaka serikali ichochee uchumi unapodorora, walio nje ya mkondo mkuu huo yakiachwa kando. Dibaji yake iliandikwa na Andrew Haldane, wakati huo mkurugenzi mtendaji katika Benki Kuu ya Uingereza, kwa hiyo si haki kuwaona kama vijana waliokimbia hisabati.

Hoja yao hupata nguvu zaidi, kwa maoni yangu, katika suala la fedha. Vitabu vingi vya kiada hueleza kwamba benki hupokea amana, hutenga sehemu kama akiba na kukopesha inayobaki. Mapema mwaka huohuo benki kuu hiyo ilichapisha makala iliyosahihisha maelezo hayo: benki inapomkopesha mteja pauni 10,000, huandika mkopo upande mmoja wa mizania yake, yaani hesabu ya mali na madeni yake, na amana mpya upande wa pili, na fedha ambazo hazikuwapo huundwa papo hapo, ingawa riba, kanuni na hofu ya hasara huiwekea mipaka. Wafuasi hao wa Keynes walikuwa wamelisema jambo hilo kwa miongo kadhaa. Mwanafunzi asiyeambiwa hata kwamba kuna ubishi amenyimwa haki yake.

Wahadhiri wanaosita, hata hivyo, wana hoja nzito. Shahada ni ya miaka mitatu, hisabati na takwimu hujengwa hatua kwa hatua, na anayepitishwa juujuu katika mikabala sita anaweza kuhitimu akijua majina ya wanazuoni bila kuweza kuchambua mfumuko wa bei. Isitoshe, mkondo mkuu wenyewe umejikosoa, kama kazi za wachumi Akerlof na Stiglitz kuhusu masoko yenye taarifa pungufu, ambamo upande mmoja hujua zaidi ya mwingine, zinavyoonyesha.

Kwa kuwa muda ni mfupi, sioni tija ya kuongeza mikabala hiyo kama kozi ya hiari ya mwaka wa mwisho, ambayo huweza kufutwa kirahisi; pale Manchester, kozi ya hiari kuhusu misukosuko ya fedha iliondolewa mwaka huohuo wa 2014. Ubishi uingizwe ndani ya kozi za lazima: mwanafunzi apewe maelezo yote mawili kuhusu fedha pamoja na mizania halisi ya benki, kisha aulizwe ni yapi yanayolingana nayo. Swali hilo liwemo pia katika mtihani wa mwisho wa muhula, kwa kuwa kisichotahiniwa hakisomwi.