Kinachochelewesha Programu si Vitu

Waandishi wa programu za wakati halisi, zile zinazoendesha ndege, breki za magari na mashine za hospitali, wameutilia shaka kwa miaka mingi mtindo wa vitu (object-oriented), yaani kuijenga programu kwa vitu vinavyobeba data pamoja na kazi zake. Wana sababu. Katika kazi hizi jibu sahihi lililochelewa ni kosa, na ni lazima uthibitishe mapema kwamba hata mambo yakiwa mabaya kabisa, kazi itaisha ndani ya milisekunde ilizopangiwa. Mtindo wa vitu huficha mengi: wito mmoja unaweza kuishia kwenye klasi (kiolezo cha kuundia vitu) yoyote iliyorithi kutoka klasi nyingine, kumbukumbu hutengwa kimyakimya, na katika lugha kama Java usafishaji wa kumbukumbu unaweza kusimamisha programu wakati wowote.

Hata hivyo, naona lawama imeangukia pasipostahili. Chukua mkasa wa Mars Pathfinder. Chombo hicho cha NASA kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997, na siku chache baadaye kompyuta yake ikawa inajizima na kujiwasha. Kazi ya kipaumbele cha chini ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli, yaani ulinzi unaoruhusu kazi moja tu kwa wakati kutumia kitu cha pamoja, ikakatizwa na kazi za kipaumbele cha kati kabla ya kuliachia. Kazi ya kipaumbele cha juu iliyolihitaji kufuli hilohilo ikakwama, muda wake ukapita, na mfumo ukajiwasha upya. Wahandisi walilizalisha tatizo hilo upya huku Duniani, kisha wakatuma badiliko dogo: kazi inayoshika kufuli irithi kipaumbele cha ile inayoisubiri. Uwezo huo ulikuwamo katika mfumo endeshi wa VxWorks tangu mwanzo, ila ulikuwa umezimwa.

Programu ile iliandikwa kwa C, lugha isiyo na klasi. Na kufuli lenyewe halikuwekwa na waandishi wake. Lilikuwa ndani ya mfumo endeshi, nyuma ya wito wa kawaida kabisa. Basi ufichaji tunaouogopa ulikuwapo bila vitu, na ndio uliovuruga kazi ya chombo. Lugha ya programu ya Ada 95 ilionyesha njia nyingine: data inayotumiwa na wengi hufungwa pamoja na ulinzi wake, na kipaumbele chake hutangazwa waziwazi mahali pamoja.

Kwa ndege ya kivita ya F-35, mtengenezaji wake Lockheed Martin alitoa mwaka 2005 kanuni za kuandika programu kwa C++, lugha yenye klasi. Zinakataza kutenga kumbukumbu baada ya programu kuanza, na zinakataza utaratibu wa lugha hiyo wa kurusha makosa (exceptions). Urithi wa klasi haukukatazwa. Waliondoa vile visivyopimika, wakabakiza vitu.

Hoja moja ya wapinzani bado ina uzito. Klasi ndogo inaweza kutoa majibu yaleyale ya klasi mama, ila ikayatoa polepole, na mkaguzi anayeangalia majibu tu hataona kasoro. Dawa yake ni kuuandika muda katika mkataba wa klasi, kama tunavyoandika aina ya data. Ndege haipakii klasi mpya ikiwa angani. Zote zinajulikana siku programu inapojengwa, hivyo unapima kila moja na kuchukua muda mrefu kuliko yote. Gharama ni kwamba kila klasi mpya inapoongezwa, hesabu ya muda hurudiwa kwa kila mahali inapoweza kuitwa, hata kama mistari iliyobadilika ni mitatu.